Kutoonekana Si Kutokuwapo: Mfumo Endeshi Uliotoweka na Haraka ya Kufomati

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtumiaji wa tarakilishi hubonyeza kitufe kimoja, kiwambo kikang'aa, na baada ya muda mfupi akaendelea na kazi yake pasi na kujiuliza ni hatua ngapi zilizopita kati ya kitufe na kazi. Kutojua huku hakumletei hasara katika siku za kawaida. Hasara huja siku ile ambapo tarakilishi yenye mifumo endeshi miwili, mathalani Windows na Linux, inawashwa na menyu ya kuchagulia mfumo ikaonyesha jina moja pekee, au isitokee kabisa. Mwenye tarakilishi hushtuka. Huamini kwamba mfumo wake umefutika, na pamoja nao tasnifu, data za utafiti wa nyanjani na picha za miaka minne ya chuo. Hapo ndipo ushauri uliozoeleka hutolewa, mara nyingi kwa neno moja tu: fomati.

Makala haya yanaupinga ushauri huo. Yanashikilia kwamba, aghalabu, kilichopotea katika hali ya aina hii si mfumo bali ni jina la mfumo katika orodha. Yanashikilia pia kwamba kinachoangamiza kazi za wanafunzi si hitilafu yenyewe bali ni tiba yake ya pupa, na kwamba anayeifahamu safari ya tarakilishi kutoka kuzimwa hadi kuwaka anaweza kukiokoa alichodhani kimezikwa. Isitoshe, ujuzi huu unapaswa kuelezwa kwa Kiswahili, na wanaofaa kuueleza ni wanafunzi wa Kiswahili.

Mifumo miwili, tarakilishi moja

Yamkini msomaji atauliza kwa nini mtu ajitwike mzigo wa mifumo miwili. Sababu zipo, na ni za kweli. Mwanafunzi wa takwimu au wa sayansi ya tarakilishi huhitaji Linux kwa masomo yake, na papo hapo huhitaji Windows kwa programu ambazo idara yake imezizoea. Hali ya uchumi nayo imeongeza sababu nyingine. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, ilhali Windows 11 hudai, miongoni mwa masharti mengine, kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho tarakilishi nyingi kuukuu hazina. Mwenye tarakilishi ya mtumba asiyeweza kununua mpya huona ni busara kuiweka Linux kando ya Windows, ili atumie ile inayoendelea kusasishwa na asiipoteze ile aliyoizoea.

Wapenzi wa Kiswahili nao hawana sababu ya kuiona Linux na jamaa zake kuwa wageni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa kuwa programu huria humruhusu yeyote mwenye uwezo kuitafsiri na kuisambaza. Kwa hivyo suala la mifumo miwili katika tarakilishi moja si la mafundi peke yao.

Safari ya kuwaka

Ili kulielewa tatizo, sharti ieleweke kwanza safari yenyewe. Umeme unapoingia, Windows haiamki, wala Linux haiamki. Inayoamka kwanza ni programu dhibiti, ambayo hukaa katika kijisehemu cha kumbukumbu kwenye ubao mkuu wa tarakilishi, nje kabisa ya diski. Kazi yake ni kukagua vifaa, kisha kutafuta wa kumkabidhi usukani.

Katika tarakilishi za zamani programu dhibiti hiyo iliitwa BIOS. Ilisoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Baiti 446 kati ya hizo zilikuwa za msimbo wa kuanzishia safari, 64 zilikuwa za jedwali la migawanyo ya diski, na 2 za mwisho zilikuwa alama ya uthibitisho. Nafasi ya msimbo ilikuwa moja, na aliyeandika mwisho ndiye aliyemiliki mlango.

Katika tarakilishi za sasa utaratibu ni ule wa UEFI, ambao tangu mwaka 2005 husimamiwa na jumuiya ya makampuni iliyoundwa kwa ajili hiyo. Programu dhibiti ya aina hii ina orodha yake ya majina, na kila jina huelekeza kwenye faili fulani iliyo katika sehemu maalumu ya diski iitwayo ESP. Humo Windows ina folda yake, na Ubuntu, kwa mfano, ina yake. Hazilazimiki kugombea nafasi moja kama zamani.

Baada ya hapo huja orodha ya pili. Linux nyingi hutumia programu iitwayo GRUB, ambayo huonyesha menyu yake na kumwachia mtumiaji achague. Windows nayo ina orodha yake, ambayo ni ya tatu. Katika enzi ya Windows XP ilikuwa faili moja ya maandishi iliyoitwa boot.ini, na tangu Windows Vista iliyoingia madukani Januari 2007 ni hifadhi iitwayo BCD.

Basi zipo orodha tatu zinazoandikwa na wenyewe watatu, na hapa ndipo penye kiini cha hoja. Mfumo endeshi wenyewe, pamoja na mafaili yote ya mtumiaji, umo katika sehemu nyingine ya diski isiyoguswa na orodha hizi. Mwanafunzi ambaye jina lake limerukwa katika daftari la mahudhurio hajafa. Yumo darasani, ameketi, anasubiri kuitwa. Ndivyo ulivyo mfumo uliotoweka kwenye menyu.

Namna jina linavyopotea

Sababu za kupotea kwa jina si za kichawi. Ya kwanza na kongwe ni mpangilio wa usakinishaji. Katika enzi ya BIOS, mtu aliyekuwa na Linux kisha akasakinisha Windows aliikuta GRUB imefunikwa, kwa kuwa Windows iliandika msimbo wake katika zile baiti 446 bila kumuuliza mwenye nyumba. Linux ilikuwa palepale, ila bawabu alikuwa amebadilishwa na huyu mpya hakumjua mgeni wa zamani.

Ya pili ni mabadiliko katika orodha ya UEFI. Usasishaji mkubwa wa Windows, au usasishaji wa programu dhibiti yenyewe, waweza kuipandisha Windows juu ya orodha au kuondoa majina mengine. Vilevile, baadhi ya programu dhibiti hufuta jina la mfumo pindi diski yake inapochomolewa, na diski ikirudishwa jina halirudi lenyewe.

Ya tatu ilizuka upande wa Linux. Toleo la 2.06 la GRUB, lililotolewa mwaka 2021, liliacha kutumia kwa kawaida zana iitwayo os-prober, ambayo kazi yake ni kupekua diski ikitafuta mifumo mingine ya kuweka kwenye menyu. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya usalama, kwamba kupekua diski kimyakimya kunaweza kumpa mwovu upenyo. Matokeo yake ni kwamba watu walisasisha Linux zao na wakaona Windows imetoweka kwenye menyu, ilhali hakuna hata faili moja ya Windows iliyokuwa imeguswa.

Ya nne huwasibu zaidi wenye tarakilishi kuukuu. Betri ndogo yenye umbo la sarafu iliyo kwenye ubao mkuu huisha nguvu. Umeme ukikatika, mipangilio ya programu dhibiti hurudi ilivyotoka kiwandani, na huenda namna ya kuwaka au namna ya kusoma diski ikabadilika. Dalili yake ni saa na tarehe ya tarakilishi kurudi nyuma kwa miaka. Dawa ya ugonjwa huu ni kubadilisha betri na kurejesha mipangilio, wala si kufuta diski.

Ya tano ni kuchanganya tabia mbili: mfumo mmoja ukasakinishwa kwa utaratibu wa UEFI na mwingine kwa utaratibu wa BIOS katika tarakilishi ileile. GRUB iliyoamshwa kwa utaratibu wa zamani haiwezi kuiamsha Windows ya utaratibu mpya, hata zikikaa diski moja.

Kuna pia ugonjwa unaofanana na huu usio huu. Mwezi Agosti 2024 sasisho la Windows lilibadilisha kanuni za Secure Boot, yaani ulinzi unaokagua sahihi ya kila programu inayotaka kushika usukani. Katika tarakilishi nyingi zenye mifumo miwili, Linux ilikataliwa kwa ujumbe wa ukiukaji wa sera ya usalama, japo Microsoft ilikuwa imesema kwamba mabadiliko hayo hayangezihusu tarakilishi za aina hiyo. Hapo jina halikupotea. Mgeni aliitwa, akafika mlangoni, kisha akazuiwa. Asiyesoma ujumbe ulio kwenye kiwambo hawezi kutofautisha mambo haya mawili, na asiyeyatofautisha hutibu homa kwa dawa ya jeraha.

Utaratibu wa kuchunguza

Kanuni ya kwanza ni kutoandika chochote kwenye diski kabla ya kujua kilichotokea. Kufomati ni kuandika. Kusakinisha upya ni kuandika. Mambo haya mawili ndiyo yanayoweza kuligeuza tatizo la jina likawa tatizo la mwili.

Hatua inayofuata ni kumuuliza bawabu mwenyewe. Tarakilishi iwashwe huku kitufe cha menyu ya programu dhibiti kikibonyezwa. Kwa baadhi ya makampuni ni F12, kwa mengine ni F9 au Esc. Mfumo uliokosekana ukionekana hapo na ukiwaka, basi umepatikana, na lililobaki ni kurekebisha mpangilio wa nani atangulie. Iwapo hata diski yenyewe haionekani, suala si la menyu tena, bali ni la waya, mipangilio, au diski iliyoharibika.

Diski ikionekana lakini mfumo usiwake, iandaliwe diski mweko, ile ambayo wengi huiita flashi, yenye Linux inayoendeshwa bila kusakinishwa. Tarakilishi iwashwe kwa hiyo. Amri ya lsblk -f itaorodhesha sehemu za diski na aina ya kila moja. Sehemu ya NTFS kwa kawaida ni ya Windows, na ya ext4 ni ya Linux. Zikiwapo, mafaili yafunguliwe na kazi muhimu inakiliwe kwenye kifaa kingine kabla ya jambo lolote lingine. Mwanafunzi aliyekwisha kunakili tasnifu yake hujifunza akiwa mtulivu, na fundi hamwoni kama mateka.

Kisha utambuliwe utaratibu wa kuwaka. Tarakilishi iliyowashwa kwa UEFI huwa na folda ya /sys/firmware/efi ndani ya Linux. Isipokuwapo, imewashwa kwa utaratibu wa BIOS. Chini ya UEFI, amri ya efibootmgr huonyesha majina yote ambayo programu dhibiti inayajua na mpangilio wake. Mtu akiisoma orodha hiyo hajakisia tena, amejua.

Tiba sasa hufuata ugonjwa. Kama jina la Windows limekosekana katika menyu ya GRUB, mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false huwekwa katika faili ya /etc/default/grub, kisha, kwa wenye Ubuntu au Debian, huendeshwa sudo update-grub. Kama mafaili ya kuiamshia Windows yameharibika, diski mweko ya usakinishaji ya Windows ina sehemu ya matengenezo, na humo amri ya bcdboot ikifuatiwa na mahali ilipo folda ya Windows huyaandika upya bila kugusa mafaili ya mtumiaji. Kama ni GRUB iliyofunikwa, husakinishwa upya yenyewe peke yake kwa grub-install, si Linux nzima.

Tahadhari moja haifai kupuuzwa. Tarakilishi nyingi za sasa zenye Windows husimbwa kwa BitLocker. Kubadilisha mipangilio ya Secure Boot kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo atakuwa amejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo ufunguo utafutwe na uandikwe kwanza, mipangilio ibadilishwe baadaye.

Hoja za wanaotetea kufomati

Haitakuwa haki kuzipuuza hoja za upande wa pili. Husemwa kwamba kufomati ni haraka na kuna hakika, ilhali uchunguzi huchosha. Ni kweli kwamba kufomati kuna hakika, lakini hakika yake ni ya kupoteza. Haraka yake nayo huhesabiwa vibaya, kwa kuwa anayepima muda husahau siku za kusakinisha programu upya, kuandika upya sura mbili za tasnifu, na kuwatafuta tena watu waliohojiwa nyanjani. Haraka haraka haina baraka.

Husemwa pia kwamba mwanafunzi wa lugha si fundi, na kwamba kila mtu ashike lake. Hoja hii ina uzito wake, kwani hakuna anayedai kila mwanaisimu aandike programu. Hata hivyo, mgonjwa asiyekuwa daktari anatarajiwa kujua panapomuuma, na anayempelekea fundi tarakilishi akisema kwamba jina la mfumo limepotea kwenye menyu ila sehemu zake bado zipo kwenye diski, atahudumiwa tofauti na anayesema kwamba mashine imekufa. Yule wa pili atafomatiwa, na atalipa.

Wapo vilevile wanaoshauri kwamba mfumo mmoja unatosha. Kwa baadhi ya watu unatosha kweli. Lakini mwenye mfumo mmoja naye hukumbwa na jina lililopotea, tofauti ikiwa kwamba kwake kiwambo husema hakuna mfumo wowote uliopatikana, na kishawishi cha kufomati huwa kikubwa zaidi.

Mwisho, ni lazima ikubaliwe kwamba zipo siku ambapo mfumo umekufa kwa hakika: diski imeharibika, au mtu amefuta sehemu isiyofaa wakati wa kusakinisha. Hata hapo pupa haisaidii, maana jedwali la migawanyo likifutika bila kuandikiwa juu, data huweza kupatikana tena kwa zana za uokoaji. Zaidi ya yote, asiyekuwa na nakala ya akiba ya kazi yake hana wa kumlaumu. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Nafasi ya Kiswahili

Lipo jambo linalowahusu wanachama wa vyama vya Kiswahili kwa namna ya pekee. Katika kila hatua iliyoelezwa hapo juu, kazi halisi ilikuwa ya lugha: kusoma ujumbe, kutofautisha jina na kinachotajwa, kuuliza swali linalofaa. Neno fomati limeenea si kwa sababu ni tiba bora, bali kwa sababu ndilo neno pekee ambalo wengi wanalo. Mtu huchagua dawa miongoni mwa zile anazozijua kwa jina. Asiyekuwa na neno la programu dhibiti hawezi kuishuku, na asiyekuwa na namna ya kusema mpangilio wa kuwaka hawezi kuomba urekebishwe.

Wataalamu wa istilahi wametoa tarakilishi, kiwambo, mfumo endeshi, sakinisha na nywila, na kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini istilahi zinazobaki katika kamusi na karatasi za mtihani hazimwokoi mtu usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu. Istilahi huishi zinapofanya kazi. Hivyo basi, badala ya kila mwaka kurudia mjadala wa iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi, ingefaa vyama vya Kiswahili vyuoni viandae mwongozo mfupi, wa ukurasa mmoja au miwili, unaoeleza kwa Kiswahili sanifu jinsi tarakilishi inavyowaka, jinsi jina linavyopotea, na nini kifanywe kabla ya kumwita fundi. Mwongozo huo ubandikwe kwenye maabara za tarakilishi na mabweni. Wenzao wa sayansi ya tarakilishi waukague kwa usahihi, nao waukague kwa lugha. Kazi ya namna hii itakijibu kile kitendawili cha sayansi na Kiswahili kwa vitendo.

Hadi hapo, aliyewasha tarakilishi asubuhi na kuukosa mfumo wake na akumbuke jambo moja kabla hajakubali diski yake ifutwe. Menyu ni orodha tu, na orodha huandikwa na huandikika upya. Kilichomo ndani ya diski hakijaulizwa bado. Na aulize kwanza.